Mlango wa Kasa

Asubuhi ya kwanza Kuntala alikuwa anakandika baraza kwa samadi, kama afanyavyo kila siku kabla jua halijawa kali, ndipo alipomkuta kasa kizingitini. Kasa alikuwa amekufa siku kadhaa. Macho yalikuwa yamemtoka, shingo imevimba, na nzi walikuwa wanaingia na kutoka puani bila hodi. Alisimama kwa mapezi yake manne nje ya mlango, kichwa amekiinamisha, vile bibi harusi anavyosimama akisubiri mama mkwe amkaribishe ndani. Kwenye paji la uso alikuwa na sinduri, ile poda nyekundu ambayo mume humpaka mkewe siku ya ndoa, na mke huendelea kujipaka kila asubuhi maadamu mume yu hai.

Kuntala aliinama akaitazama ile poda kwa karibu. Ilikuwa yake. Kopo lake lilikuwa linapungua tangu msimu uanze, naye muda wote alikuwa anamshuku jirani. Akaweka ufagio chini, akaingia kumwamsha mume.

Nakula Behera, nahodha wa boti la kukokota nyavu, alitoka akijifunga shuka, akamtazama kasa, akajikuna tumbo. Alisema ndiyo, anamkumbuka, ni yule mkubwa mwenye kovu kwenye gamba. Alisema amempaka kwa nia njema kabisa, wala haoni kwa nini aamshwe mapema kwa ajili ya hilo.

Sisi watu wa Kantiagada tuna desturi. Mvuvi mwenye wavu mdogo akimnasa kasa, humfungua, humpaka sinduri na manjano kichwani, humwomba radhi, akamwacha aende zake, kwa sababu Mungu mwenyewe aliwahi kuvaa lile gamba akabeba mlima mgongoni. Kasa anaondoka amepambwa, mvuvi anarudi nyumbani na moyo mweupe. Nakula alikuwa mcha Mungu. Aliihamishia desturi hiyo kwenye boti lake kubwa, bila kupunguza kitu, isipokuwa kasa wa kwake walikuwa wameshakufa.

Na walikufa kwa sababu ya mlango. Wavu wa kukokotwa una mlango wa kasa. Serikali iliuleta: kichanja cha vyuma katikati ya wavu, na juu yake kitundu chenye kifuniko, ili kasa akigonga vyuma apande, asukume, atoke akapumue. Askari wa doria hukagua bandarini, kwa hiyo bandarini mlango huwa wazi, umetulia kama mtoto wa shule. Boti likishavuka kinywa cha mto, unashonwa kwa uzi wa nailoni. Likirudi, unafumuliwa. Nakula aliamini, na hakuna aliyeweza kumng'oa kwenye imani hiyo, kwamba kamba wake, wale wa kuliwa wenye bei, na samaki wanatorokea pale. Mtu huyohuyo, wavu ukishapanda, alisimamia mabaharia wakichota kwa koleo nusu ya walichovua na kukirudisha majini: samaki wachanga, kaa, taa wasio na soko, nyoka wa baharini, vyote vimekufa, vimepondeka, vinaelea nyuma ya boti hadi macho yanapoishia. Hicho hakukiita hasara. Damu inanichemka nikisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa, na si kwake peke yake.

Aliyeushona mlango huo kila safari alikuwa Sura, mdogo wake Kuntala, tumbo moja, na ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Sura alikuwa na vidole vya fundi. Mshono wake ukiutazama hujui ulipoanzia.

Jambo la kasa lilipelekwa kwa wazee wa ukoo, ambao hukutana penye ngazi za kiwanda cha barafu kwa kuwa pana ubaridi. Mkubwa wao, Dolagobinda Pradhan, ana hisa kwenye maboti mawili na gauti kwenye mguu mmoja. Walisikiliza, wakatafuna tambuu, wakakubaliana bila ugomvi. Mwanamume akimpaka wa kike sinduri, mbele ya moto na mbele ya mashahidi, amemwoa. Injini ilikuwa inawaka, kwa hiyo moto ulikuwepo. Mabaharia walikuwepo. Nakula aliuliza kama wapo walioangalia iwapo kasa wote walikuwa wa kike.

"Hilo ulipaswa kuliangalia wewe kabla hujaoa," alisema Dolagobinda.

Basi ikawa hivyo. Kasa mwenye kovu akaingia ndani, akateua kona yake penye mtungi wa maji. Kesho yake walikuja watatu. Kila boti liliporudi kutoka baharini, asubuhi iliyofuata walikuwa wanapanda kutoka mtoni kwa foleni, polepole, wakikokota matumbo yaliyovimba kwenye mchanga, kila mmoja na doa jekundu kichwani. Majirani walifunga mbuzi wao wasiwakanyage. Mwenye duka la mudhi, ule mchele unaokaangwa ukafura kama bisi, alilalamika harufu inamfukuzia wateja, kisha akazoea, na wateja wakazoea.

Walikuwa wake wasio na makuu. Walilala chini ya kitanda, barazani, chini ya mgomba. Walikula kidogo tu, ng'onda na wali uliolala majini, nacho walikila taratibu, kikawatoka kupitia shimo la shingo kwa wale waliokuwa na shimo la shingo. Walitoa machozi mchana kutwa, machozi mazito kama ute wa yai. Wala si kwa kumlaumu mtu. Ni kawaida ya kasa. Kuntala alikasirika wiki nzima, akavunja sufuria, akamwita mumewe majina ambayo mke wa heshima hayajui, halafu akaanza kuwafagilia.

Aliyeshindwa kuzoea alikuwa Nakula. Wakati wa kutoka kwenda bandarini, wote walijipanga njiani pande mbili, vichwa chini, kama wake wanaomuaga mume. Hawakumgusa. Siku moja alichukua shoka. Alianzia mgombani. Aliwapiga kwenye magamba mpaka yakapasuka, akawakata mapezi, akamkata kichwa yule mwenye kovu kwa mapigo mengi kwa sababu shingo ya kasa ni ngumu na shoka lilikuwa butu. Ua wote ukawa damu nyeusi iliyooza. Kuntala aliposhika mpini kumzuia, Nakula alimgeuzia mpini huohuo, akamvunja mfupa wa bega. Kesho yake asubuhi wake wote walikuwa wamerudi sehemu zao, na kichwa cha mwenye kovu kimebebwa mdomoni mwa mwenzake. Kuntala alikishona kwa mkono mmoja. Bega liliunga vibaya, na tangu siku hiyo hakuweza kuinua ndoo kwa mkono wa kushoto.

Kwenye kumshona yule kasa ndipo alipouona uzi. Kipande cha nailoni kilikuwa kimekwama kwenye kona ya mdomo, na kwenye kile kipande palikuwa na fundo. Kuntala alilijua fundo lile. Mama yao ndiye aliyewafundisha yeye na Sura, wakiwa bado wanaoga pamoja.

Sura alikuja jioni kumtazama bega. Kuntala alimwekea lile fundo kiganjani.

"Huyu alikufa amekutafuna wewe," alimwambia. "Usishone tena, mdogo wangu."

Sura alisema kusema ni rahisi. Alisema Nakula akimfukuza, hakuna nahodha mwingine atakayemchukua, maana wote hushonesha, na Jhunu mkewe ana mimba kubwa. Alisema anaota mlango ule. Kisha akawatazama shemeji zake waliojaa barazani wakilia, akafunga lile fundo kwenye ncha ya shuka yake. Akaondoka bila kuahidi kitu.

Yaliyofuata tuliyapata kwa Bichitra, fundi wa injini, na kwake yalitoka baadaye sana, kwa sababu taya lilikuwa limevunjika.

Boti lilivuka kinywa cha mto. Sura aliketi juu ya wavu na sindano yake, akashona kama kawaida, kichwa chini, lakini nyuzi aliziacha zimelegea, mafundo ya uongo, ya kufunguka kwa msukumo. Waliushusha wavu, wakaukokota saa zile wanazokokota, wakaupandisha. Ulipanda mzito. Kamba walikuwepo, samaki walikuwepo, hakikuwa kimepungua chochote ambacho mtu angeweza kukiona. Mabaharia walifurahi. Nakula alisimama na kopo la sinduri mkononi, akazunguka ile chungu ya samaki, akaipekua kwa mguu, akazunguka tena.

"Kasa wako wapi?" aliuliza.

Mabaharia waliendelea kuchambua samaki. Kukosekana kwa kasa ndiko kulikomjulisha. Angekuta kasa kumi, na samaki nusu ya kawaida, angesema bahari leo imenuna. Hakukuta kasa, basi akajua ameibiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango, akatia kidole, nyuzi zikafunguka zenyewe.

Alichukua mtaimbo wa winchi, ile mashine ya kushusha na kuvuta wavu. Alimpiga Sura mgongoni, akampiga magotini, akampiga alipokuwa ameshalala, akitamka neno moja kwa kila pigo, na maneno yalikuwa ya kawaida tu, kula, yangu, chakula, changu, mwizi. Mabaharia walitazama pembeni. Bichitra aliinua sauti akaambiwa arudi kwenye injini. Sura alipoweza kuketi, Nakula alimtupia sindano mapajani, akamwambia ashone mbele ya macho yake, mishono miwili, mmoja juu ya mwingine, ya kubana. Sura alishona. Damu ilimtiririka puani ikaingia kwenye uzi, uzi ukawa mgumu kuvuta, naye akauvuta. Hajawahi kushona vizuri kama siku ile, alisema Bichitra, na alisema kwa uchungu.

Alikuwa bado ameketi juu ya wavu, anakaza fundo la mwisho, Nakula aliposukuma mfuko wa wavu baharini kwa mguu na kuachia winchi.

Wavu wa kukokotwa hutanguliza mkia. Mfuko ulikwenda, ukavuta mlango, mlango ukavuta Sura aliyekuwa amezongwa na nyuzi miguuni. Alitoka kwenye boti bila kelele. Akiwa majini anapigapiga, sehemu ya mbele ya wavu ikatoka nyuma yake, mdomo ukapanuka kwa minyororo yake kama unavyopaswa kupanuka, ukampitia, ukazama naye.

Bichitra aliruka kutoka kwenye injini akashika breki ya winchi. Nakula alimpiga mtaimbo wa taya. Meno yalidondoka kwenye sitaha, yakachanganyika na kamba na samaki.

"Wavu ukishashuka umeshashuka," alisema Nakula. "Tuko juu ya kundi la samaki. Nani anataka kurudi nyumbani mikono mitupu? Aje hapa aniambie."

Hakuna aliyekwenda. Walikokota saa zilezile. Mmoja wao alipika wali, wakala. Nisikufiche, walikula.

Wavu ulipopanda, Sura alikuwa mlangoni. Kasa walikuwa wamemzunguka, wamembana, wengine wamefia juu ya mabega yake na pua zao zimeelekea pale alipoelekea yeye. Vidole vyake vyote vilikuwa ndani ya mshono. Nyama ilikuwa imeliwa na nailoni, imebaki mifupa. Mshono wa kwanza alikuwa ameufungua wote, mwanzo hadi mwisho. Wa pili ndio uliomshinda.

Nakula aliwapaka kasa sinduri mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi kwa sauti ya kusikika. Alipofika kwa Sura kidole kilikuwa bado chekundu. Akampaka na yeye. Akaunganisha viganja, akasema maneno yaleyale. Halafu wakamsukuma baharini pamoja nao na pamoja na takataka ya siku ile, na boti likarudi, na bandarini Nakula akaeleza kwamba Sura alikuwa amelewa akateleza.

Jhunu alilia usiku kucha nyumbani kwa Kuntala. Asubuhi walisikia foleni inapanda kutoka mtoni. Sura alikuwa wa mwisho. Alitembea taratibu asije akawakanyaga waliotangulia. Alinawa miguu nje, akaketi barazani mahali anapoketi siku zote, akaweka mifupa ya vidole juu ya magoti. Kwenye paji lake palikuwa na doa jekundu. Kuntala alimpelekea wali uliolala majini na pilipili mbichi, akamsogezea na chumvi.

"Umechelewa," alisema.

"Kasa hawana haraka, dada," alisema Sura.

Polisi alikuja siku ile, ametumwa na kituo cha mtoni kuhusu mtu aliyepotea baharini. Alikuta mtu mwenyewe ameketi barazani. Alimwuliza jina, akajibiwa. Akamwuliza kama amepotea, Sura akasema hapana. Polisi alisema kama ni hivyo hapana kesi, akakubali chai, akamshauri Jhunu ashukuru, wengine hawarudi kabisa. Nakula alimsindikiza hadi kwenye pikipiki.

Kuntala aliwatazama wakicheka kwenye pikipiki. Kisha akamtazama ndugu yake kwenye paji la uso, akaona alama ya kidole. Alikijua kidole kile. Ndicho kilichomgusa yeye, akiwa binti mwenye hofu na sari mpya, mbele ya moto wa kweli. Aliingia ndani, akachukua kopo la sinduri, akalitupa chooni. Akaenda bwawani nyuma ya nyumba, akachota maji, akajisugua kichwa mpaka pakauma. Akarudi kizingitini, akapigiza bangili zake nyeupe za kombe kwenye jiwe, moja moja, kama anavyovunjiwa mwanamke aliyefiwa na mume.

"Mama Mita, umeingiwa na nini? Mimi si huyu hapa?" Nakula alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali.

"Namwona mtu," alisema Kuntala. "Baba Mita simwoni."

Nakula alimpiga mbele ya majirani mpaka akachoka. Wazee walikaa tena penye barafu. Walikubaliana kwamba sinduri imeoshwa na bangili zimevunjika, kwa hiyo Kuntala ni mjane, na mjane hali samaki, na marehemu mumewe ataendelea kuishi chumba cha mbele kwa kuwa nyumba ni yake. Dolagobinda aliuliza kama kuna jingine. Kuntala alisema lipo la mlango. Wazee walitazama barafu ikiyeyuka. Walisema la mlango si la ukoo, ni la serikali.

Kasa mwenye kovu alikuwa amemfuata bwawani. Siku ya pili alimfuata tena, akajongea ukingoni, akainamisha kile kichwa cha kushonwa karibu na mkono wake, akakaa hivyo. Kuntala alielewa. Alichota maji kwa kiganja, akamwosha paji, akasugua kwa kidole gumba mpaka wekundu ukaisha. Kasa alipumua. Alikuwa hajapumua tangu aje. Akageuka, akateremka njia ya mtoni bila kuangalia nyuma, na aliyemwona kwenye matope ya mto anasema mapezi yake yalikuwa yamenyooka na alipofika kwenye maji ya chumvi alikwenda kwa kasi ya mnyama mzima.

Mchana ule Kuntala aliwaosha wote. Kwa mkono wa kulia aliinua ndoo, kwa wa kushoto alisugua. Jhunu alimsaidia, na tumbo lake kubwa. Jioni ua ulikuwa mtupu, na Kuntala aliketi barazani karibu na ndugu yake, wote wawili wananuka bwawa.

"Bado mimi," alisema Sura.

Jhunu alishika mkono wa Kuntala kabla haujafika kwenye ndoo. "Wifi, nakuomba," alisema. "Mwache mpaka mtoto aje. Amwone tu."

Kuntala alimwacha. Nani asingemwacha? Mimi ningemwacha miaka kumi.

Lakini Nakula naye alikuwa na macho. Asubuhi alisimama barazani, akamwambia Sura wanakwenda. Aliyepakwa na mtu ni wa mtu huyo, na Sura alikuwa na alama. Alinyanyuka akaenda. Walipovuka kinywa cha mto aliketi juu ya wavu akashona, mifupa mitupu kwenye nailoni, na mshono ulikuwa bora kuliko zamani kwa kuwa mifupa haisikii maumivu. Nakula alimsifu hadharani bandarini. Hali, halali, halalamiki, hadai mgawo. Manahodha wengine walimwuliza amempataje, na Nakula, kwa unyenyekevu, alisema ni majaliwa.

Kila asubuhi foleni ilipanda, na kila asubuhi Kuntala aliosha. Kwenye midomo yao alikuta uzi, na kwenye uzi lile fundo la mama yao. Jioni Sura alirudi, akaketi, akanyoosha vidole, Kuntala akamtoa vipande vya nailoni vilivyokwama kwenye viungo. Siku moja Sura alisema.

"Nawasikia wakigonga, dada. Wanagonga mlangoni, nami nipo juu nimeshika uzi. Niliwahi kuwa upande wao. Najua wanavyogonga."

Kuntala alikwenda kulia bwawani, akarudi, akaendelea kumtoa nyuzi.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, mwenye sauti. Jhunu alimleta barazani amefungwa kitambaa cha manjano. Sura alinyoosha kidole, mfupa mweupe uliosuguliwa na chumvi, na mtoto akaushika kwa ngumi yake yote kama wanavyoshika watoto chochote. Alikaa naye hivyo mpaka mtoto akasinzia. Alimwambia Jhunu asimfundishe kushona. Jhunu alisema hatamfundisha.

Asubuhi, kabla Nakula hajaamka, wanawake wawili walikwenda naye bwawani. Jhunu alishika bakuli. Kuntala alimwosha ndugu yake paji kama alivyokuwa akimwosha akiwa mdogo, akimkinga macho kwa kiganja yasiingie maji. Wekundu ulikuwa mgumu kutoka, ulikuwa umeingia kwenye mikunjo. Alisugua. Ulipokwisha, Sura alipumua mara moja, akakohoa maji mengi ya chumvi, akalala kwenye mapaja yake. Walimchoma mchana, kwa kuni kavu, kama mtu, na moshi ulikwenda juu wima.

Kuntala alilala siku ile moyo wake umevunjika na umetua. Alijua hakuna mwingine Kantiagada mwenye vidole vile. Alimwambia Jhunu, Nakula amebaki bila mshonaji, na bila mshonaji mlango utakaa wazi. Jhunu aliitikia. Walikunywa chai yenye sukari nyingi, mjane na mjane, na walijiona wamelipa kinacholipika.

Nakula alikasirika, akapiga teke mlango wa chumba cha mbele, kisha akaenda bandarini, na boti likatoka kama kawaida.

Alfajiri ya pili Kuntala alikuwa anakandika baraza. Walikuwa wamejaa kizingitini, wengi kuliko siku yoyote, na sinduri mbichi inawachuruzika hadi kwenye macho. Aliinama kwa wa mbele, akamfungua mdomo, akatoa uzi. Fundo halikuwa la mama yake. Lilikuwa fundo la ovyo, nene, lililozungushwa mara nyingi, kama watu wa mashine wanavyofunga mipira ya mafuta.

Bichitra alikuwa amesimama kwenye uzio, taya limepinda. Hakuingia.

"Shemeji," alisema, na maneno yalimtoka kwa tabu. "Wanangu ni wanne."

Kuntala alilivuta lile fundo kwa vidole viwili, akalijaribu. Lilikuwa baya, lakini lilishika. Alilitupa kwenye takataka, akachukua ndoo kwa mkono wa kulia, akaenda kuchota maji.